Juzuu Nzima, na Hawezi Kuomba Maji

Naanza kwa jina la Mola, maana sijapata kujua njia nyingine ya kuanza jambo. Tangu mwezi uliopita sifundishi tena. Magoti yamekataa kukaa mkekani, na mwalimu wa chuo cha Qur'ani anayesomesha akiwa juu ya kiti huwaona watoto visogo tu. Ninyi walimu wasichana mliochukua chuo changu mmeniuliza niwaachie nini. Mikeka mnayo, mbao mnazo, na kabati lenye mlango mbovu ni lenu pia. Kilichobaki ni haya ninayoyakumbuka. Kazi yetu haina vyeo vya kupandishwa, kwa hiyo upande huo sina la kueleza.

Nilikuja Nairobi kutoka Mombasa mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikiwa mke wa fundi cherehani. Chumba chetu kilikuwa River Road, ghorofani, juu ya duka la viungo. Mpaka leo nikinusa bizari nasikia sauti za watoto wakisoma. Aliyenitia kazini ni Bi Rukia, mwalimu mzee aliyekuwa na chuo cha wasichana katika chumba cha nyuma cha jengo lilelile. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Siku yangu ya kwanza alinipa watoto wa upande wa dirishani. Nikasoma, wakafuata. Katikati ya somo akainua kidole bila kugeuka.

"Huyo wa tatu hasomi," akasema. "Anachezesha mdomo tu."

Nikamtazama wa tatu. Alikuwa akitafuna ubani.

Siku hizo tulitengeneza wino wetu wenyewe kwa masizi ya taa na gundi ya mti, tukaandika juu ya ubao, na somo likishahifadhiwa ubao huoshwa ukaandikwa jingine. Wino huo hautoki kwenye nguo nyeupe, na hilo ndilo somo la kwanza nililojifunza vizuri. Lakini ukiiondolea kazi yetu mikeka na mbao na wino, linabaki jambo moja: mwalimu hutangulia kusema, mtoto hufuata. Mwalimu akinyamaza, hakuna chuo. Hivyo ndivyo Bi Rukia alivyonifunza, na alipohamia mtaa wa Pangani kwa mwanawe akaniachia wasichana wote, niliendelea hivyo hivyo bila kuwaza vingine.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini akaja Mwanajuma na bintiye Zuhura. Mwanajuma alikuwa mtu wa pwani kama mimi. Mumewe, Athmani, alikuwa karani katika duka la vitambaa Biashara Street, na walikuwa wamepanga nyumba ndogo Kilimani, nyuma ya nyumba kubwa yenye ua wa michongoma. Zuhura alikuwa na umri wa miaka sita. Hakuitika jina lake, wala hakumtazama mtu usoni. Aliketi ukutani akijisukasuka mbele na nyuma. Hilo halikunishtua, kwa kuwa chuoni kila mtoto hujisukasuka. Nilidhani nimeletewa mwanafunzi aliye tayari.

Baada ya wiki chache mamake akanisubiri mlangoni.

"Mwalimu, Zuhura anasoma nyumbani."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Anasoma kwa sauti yako."

"Watoto wote huiga mwalimu."

"Anakohoa pia, kama wewe. Halafu anamkemea Fatuma ajifunike kichwa. Kwetu hakuna Fatuma."

Fatuma alikuwa mwanafunzi wangu. Basi nikajua kwamba mtoto huyu aliyeketi ukutani kama hasikii alikuwa akichukua kila kitu, somo na kikohozi na makemeo, akaenda kukitoa nyumbani kama kilivyo. Lakini chuoni penyewe hakuweza kukaa. Wasichana wote wakipaza sauti pamoja alijiziba masikio na kugonga kichwa ukutani, na mara mbili nililazimika kumbeba hadi ngazini. Shule ya msingi ya jirani na kwao ilimweka wiki moja, kisha mwalimu mkuu akamwambia Mwanajuma amrudishe siku atakapoweza kuitika jina lake. Daktari mmoja alisema atakua atazungumza. Mwingine alisema hatazungumza. Siku hizi wajukuu wangu wananiambia kuna jina, usonji, na kuna watu waliosomea kuwafundisha watoto hao. Wakati ule hatukuwa na jina wala watu. Kulikuwa na majirani, na kila mmoja alikuwa na maoni.

Mwanajuma akaja kwangu jioni moja, akakaa chini kabla sijamkaribisha.

"Nimekata shauri. Zuhura atasomea nyumbani. Mimi nitamfunza kazi za nyumbani na mambo ya dunia, wewe utamsomesha dini. Utakuja?"

"Kilimani ni mbali, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa chini."

Nikaenda. Mara tatu kwa wiki, nikishawaruhusu wasichana wangu, nilipanda basi la Kilimani. Nyumbani, peke yake na mimi, Zuhura alisoma kwa namna ambayo sijaiona tena. Nilisoma sura mara moja, naye akairudisha. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na juzuu nzima, moja ya zile thelathini, kichwani bila kosa, hata mahali pa kuvuta pumzi. Nyokabi, mama aliyetoka Waithaka akaja kumsaidia Mwanajuma kazi za nyumbani, ambaye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alinilalamikia wakati akifua.

"Mwalimu, usiku mtoto inalala lakini mdomo haijalala. Sasa hii kusoma yenu imeniingia kichwa. Juzi kanisani pasta amesema tuombe, mimi nikajikuta nimeanza na yenu."

"Ukasemaje?"

"Nikanyamaza haraka. Mungu ni mmoja, lakini pasta alikuwa ananiangalia."

Tatizo lilikuja na mama wa Athmani, Bi Salma, alipotoka Mombasa kuja kuwatembelea. Watu wetu wa pwani tunamheshimu aliyehifadhi Qur'ani kuliko tajiri. Bi Salma alimsikia mtoto asiyeitika jina lake akisoma juzuu nzima kwa sauti ya mtu mzima, akalia, akasema mtoto huyu amefunguliwa, ana karama. Siku ya pili akawaita wanawake anaowajua mjini. Siku ya tatu walikuja na chupa za maji ili Zuhura azisomee, wakawanyweshe wagonjwa wao. Zilipangwa sakafuni mbele yake: chupa za soda, chupa za mafuta zilizooshwa, na moja yenye harufu ya dawa ya kikohozi. Akawekwa juu ya mto wa hariri. Akasoma. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na hakuna aliyejua kama ana kiu, kwa sababu katika maneno yote aliyokuwa nayo hakuwa na la kuomba maji.

Mwanajuma aliniambia jikoni, akiosha vikombe: "Anasoma juzuu nzima, Mwalimu, lakini hawezi kuniambia tumbo linauma. Nitafanya nini na karama?"

Nilikuwa nimefurahi pia, kama wenzangu. Mwalimu gani hafurahii hifdhi.

Bi Salma akamwambia mwanawe kwamba mahali pa mtoto huyu ni Mombasa, nyumbani kwake, ambako watu watamzunguka na kumheshimu. Hapa Nairobi anafichwa nyuma ya michongoma. Athmani alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amechoka, na mama ni mama. Akasema atalifikiria.

Mwezi wa Mfungo Sita ulipofika Bi Salma akarudi kwa ajili ya maulidi ya wanawake, akayafanya hapo hapo Kilimani. Nyumba ilijaa ubani na asumini. Zuhura akawekwa mbele, akaanza kusoma bila kuambiwa. Alisoma upesi kuliko kawaida, sura hii mpaka ile, bila kupumzika, akirudi mwanzo na kuanza tena, jasho likimtiririka. Wanawake walilia. Mmoja nyuma yangu alisema hajapata kusikia kisomo kinachokata maini kama hicho. Mwanajuma alipita katikati yao, akapiga magoti, akauinua mtandio wa mtoto. Shingo yote upande wa kushoto ilikuwa imelowa usaha. Mwili ulikuwa moto kama jiko.

Tulimpeleka hospitalini, mimi na mamake. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka, na kabla ya kupasuka lazima ilimuuma siku kadhaa.

"Hakulia?" akauliza.

"Alikuwa akisoma," Mwanajuma akasema.

Tulipofika langoni kwao akanigeukia.

"Mwalimu, usimsomeshe tena. Kwanza mfunze kuniambia. Ukiweza hilo, utamsomesha mengine uyatakayo. Ukikataa sitakulaumu, najua wewe ni nani na kazi yako ni nini."

Sikuwahi kuombwa na mzazi niache kusomesha dini. Nilikwenda Pangani kwa Bi Rukia, nikamkuta akimenya mbaazi kwa vidole, kwani macho sasa yalikuwa yamekwisha. Nikamweleza yote. Aliendelea kumenya.

"Huyo mtoto akiumwa, Mola wake anajua?"

"Anajua."

"Akiwa na kiu?"

"Anajua."

"Na mamake?"

"Hajui."

"Basi nani mwenye haja ya kuambiwa?" akasema, na akanisukumia bakuli nimsaidie mbaazi.

Hiyo ndiyo fatwa pekee niliyopata kuiomba, na ndiyo niliyofanyia kazi.

Athmani alipatanisha kama karani anavyopatanisha hesabu. Zuhura abaki kwa mamake mpaka Ramadhani ipite. Bi Salma atarudi baada ya Idi. Kama mpaka siku hiyo mtoto hajasema neno moja lililo lake, si la sura wala la kuiga mtu, atakwenda Mombasa na bibi yake. Mwanajuma alikubali kwa sababu hakuwa na jinsi ya kukataa.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana hapa ndipo mnapoweza kuchukua kitu. Niliingia na njia ile niliyoijua. Nilimshikia bilauri nikasema, "Maji." Naye akasema, "Maji," kwa sauti yangu, akageuka akatazama milia ya mkeka. Nikasema tena, akasema tena. Siku nzima tungeweza kukaa hivyo. Kila nililotangulia kulisema lilikuwa limekwisha kuwa langu. Mwanajuma ndiye aliyesema, "Jaribu kunyamaza, Mwalimu," na akalisema kwa adabu kubwa, kwa kuwa alijua ananiomba niache kuwa mwalimu.

Tukanyamaza. Bilauri ya maji mbele yake, sisi wawili tumekaa, hakuna asemaye. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mtu wa chuo. Ulimi wangu ulikuwa ukiwasha. Zuhura akiwa na kiu alianza kusoma, nasi tukangoja. Akisoma kwa upesi mamake alimkagua masikio, tumbo na meno, kisha tukangoja tena. Mamake hakumnyima maji mtoto, msije mkadhani. Alimngoja kidogo, kisha akampa. Kesho akamngoja kidogo zaidi. Katikati ya kungoja walichambua mchele pamoja kwenye ungo, na Zuhura alikuwa na jicho la kuona mchanga lisilo na mfano. Walikunja nguo. Walipanga vikombe kwa ukubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule, na mwalimu wake alikuwa Mwanajuma. Mimi nilikuwa wa kukaa.

Mwezi wa Shaabani, Zuhura alishika kifundo cha mkono wa mamake akausukuma kuelekea mtungi. Mwanajuma alikimbia kumwambia mumewe aliporudi kazini.

"Paka pia hufanya hivyo," Athmani akasema, na hakuvua koti. Kisha akakaa kitandani akajishika kichwa. Baadaye nilimsikia akimwomba radhi mkewe. Lakini neno halikuwa limesemwa, na sharti lilikuwa neno.

Ramadhani ile ilikuwa ndefu. Nilisomesha asubuhi, nikapanda basi mchana na saumu yangu, nikakaa Kilimani nikimngoja mtoto asiyejua kama anangojwa. Siku moja nililala nikiwa nimeegemea ukuta. Nilipoamka Zuhura alikuwa amenifunika kwa kitambaa cha meza, au labda alikuwa ameking'oa tu kikaniangukia. Mwanajuma hakuniambia ni lipi kati ya hayo, na mimi sikuuliza. Niliomba sana mwezi ule, na nilichoomba hakikuwa muujiza. Niliomba nisichoke kabla ya mamake.

Bi Salma alifika siku ya tano baada ya Idi na sanduku dogo jipya la nguo za mtoto. Alileta na wanawake watatu wa mjini, kila mmoja na chupa yake. Athmani alisimama mlangoni kati ya vyumba viwili, kama mtu asiyetaka kuhesabiwa upande wowote. Bi Salma akakaa mkekani, akamvuta Zuhura mapajani, akampaka marashi.

"Haya, mjukuu wangu. Nisomee."

Zuhura alitazama milia ya mkeka.

"Soma, mama. Watu wanangoja."

Bi Salma akatuangalia, mimi na mkwewe, kwa jicho la kuuliza tumemfanya nini mtoto. Kisha akafanya ambalo sote tungelifanya. Akatangulia yeye, akasoma aya ya kwanza kwa sauti tamu aliyokuwa nayo, akanyamaza ili mtoto afuate. Zuhura hakufuata. Akatangulia tena. Hapo mtoto akainua mkono, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa bibi yake, akaufunga.

"Sitaki," akasema.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimemsikia mtoto huyo akisema kwa sauti yangu, na ya mamake, na ya mwuza maziwa, na ya mtangazaji wa redio. Sauti hii sikuijua. Ilikuwa ndogo, yenye kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara.

"Nani amesema?" Athmani akauliza.

"Ni yeye," Nyokabi akajibu kutoka jikoni. "Mimi niko huku."

Bi Salma akautoa mkono wa mtoto mdomoni mwake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mjukuu wangu ananikataa," akasema.

"Ndiyo, mama," Mwanajuma akasema, machozi yakimshuka. "Anakukataa."

Nilidhani Bi Salma atainuka. Hakuinuka. Alimtazama Zuhura muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona. Kisha akawaambia wale wanawake wachukue chupa zao, na walipokwisha kutoka akamgeukia mtoto.

"Haya. Hutaki kusoma. Wataka nini?"

Hakupata jibu. Akafungua mdomo ili ajibu mwenyewe kwa niaba yake, akaona sisi tumenyamaza, akaufunga. Basi tukangoja wote, Bi Salma na sanduku lake, Athmani mlangoni, Mwanajuma, na mimi. Zuhura alicheza na pindo la buibui la bibi yake mpaka ikaadhiniwa magharibi, na hakusema lolote.

Asubuhi Bi Salma aliondoka peke yake. Sanduku aliliacha. Athmani alinieleza aliyosema kituoni kabla ya kupanda basi la Mombasa: "Mwache kwa mamake. Mimi sina subira hiyo." Akalia kidogo, akapanda.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani kazi iliishia hapo, na ninyi nisingependa muingie kazini na dhana hiyo. Jumatatu yake nikamaliza chuo, nikapanda basi, nikashuka, nikapita michongoma, nikabisha. Zuhura mwenyewe alifungua mlango. Alinitazama miguu.

"Sitaki," akasema.

Hakusema kama ni mimi au viatu. Nikavua viatu, nikaingia kungoja.